Wanamupokea Nani Saa Kumi

Jumatatu, 17 Februari 1997

Asmani ameniletea wanyama ambao hakuna mutu wa Rumonge, hata wale wakubwa wa ofisi ya komini na mihuri yao, anayejua jina lao! Wanne! Wazima! Shingo ndefu kama ngamia wa kwenye picha ya Maka, manyoya kama kondoo aliyetoka saluni, na macho... macho nitayaandika nikitulia.

Sasa salamu. Bismillahi. Amahoro, kaye yangu, daftari langu. Wewe ulikuwa kaye ya Asmani alipokuwa anasomea uveterineri, uganga wa wanyama. Huku mbele kuna tumbo la ng'ombe alilolichora mwenyewe kwa kalamu ya bike ya bluu, utadhani huyo ng'ombe kafunguliwa mulango. Kurasa za nyuma zilibaki nyeupe, na leo amenipa. "Mama, andika kila siku. Wanakula nini, wanalala wapi, wanaangalia wapi. Na tarehe, mama, usiache tarehe. Kwa munyama mugeni tarehe ndiyo dawa." Nikamwambia mimi nilifika darasa la sita na mwandiko wangu masista waliuonyesha wazazi wa wengine.

Jina lao ni alpaga. Muzungu mumoja muzee alikuwa anawafuga huko juu milimani, kwenye baridi, na Asmani wangu ndiye aliyekuwa munganga wao. Vita vilipokuja muzungu akaenda kwao, hakurudi. Wakabaki Asmani na muzee mumoja muchungaji, anaitwa Muzee Bora. Sasa wenye bunduki wanazungukazunguka kule, na Asmani ameona bora wanyama washuke kwenye ziwa, kwa mama yake. Wamekuja kwenye kamyo, lori la magunia ya viazi, wamekunja miguu chini yao kama watu wanaoswali.

Mutaa wote umekuja. Vestine, jirani yangu, alifika mulangoni akashika kifua: "Yezu we! Mama Asmani, hayo ni majini ya Kigwena, umeyatoa mu pori?"

"Majini hayapandi kamyo," nikamwambia. "Ingia, Mama Nadine, uone mutoto aliyesoma analeta nini nyumbani."

Wamama wengine hapa, mutoto akileta mukate kutoka Bujumbura wanaimba juma zima. Mimi nimeimba kidogo tu.

Jumanne, 18 Februari

Hawakula. Wamesimama wote wanne, wamegeukia milima.

Jumatano, 19 Februari

Leo nimetemewa mate. Nimeolewa miaka ishirini na mbili, nimefiwa na mume, nimezaa watatu, hakuna aliyewahi kunitemea mate. Nilimufuata yule mukubwa kichwani kama unavyomushika mbuzi, kumbe hao kichwa chao hakiguswi. Akainua shingo, akanitia majani yaliyooza usoni. Asmani alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, usiwatazame machoni. Njoo kwa ubavu, pole pole, kama mutu anayetafuta kitu chake kilichoanguka."

Nimewapa majina. Yule mukubwa wa kijivu ni Bibi. Yule mweusi anayekutazama kutoka juu kama vile karatasi zako hazikutimia ni Karani. Mweupe ni Sukari. Wa rangi ya kahawa asiyetulia ni Musafiri. Wanaimba bila kufungua mudomo: mmmm, mmmm, kama mama anayebembeleza mutoto ambaye amekwisha kulala. Ukiisikia kwa mara ya kwanza unageuka kuangalia nani yuko nyuma yako.

Bibi anaimba kuliko wote. Asmani anasema mutoto wake amebaki juu, kichanga cha miezi mitatu. Kilikataa kupanda kamyo, kikakimbia, na Muzee Bora akabaki kukitafuta.

Alhamisi, 20 Februari

Asmani amerudi juu kumuchukua Muzee Bora na kile kichanga.

Nilisema yote ambayo mama anasema. Akanijibu, "Mama, muzee yule ameniachia shuka lake siku za baridi miaka minne. Nimuache?" Mutoto niliyemulea mwenyewe kuwa na adabu, adabu hiyo hiyo ndiyo inamupeleka. Nikamufungia mihogo ya kuchoma na chumvi kidogo, maana na hii ambargo, majirani wametufungia biashara, chumvi ni kama lulu. Mulangoni akaniambia jambo moja: "Muzee Bora anawalisha saa kumi ya alasiri, kwa kata ya kibuyu, amesimama, kata ameishika hapa." Akajigusa kifuani. "Na wewe fanya hivyo. Watakuzoea. Nikichelewa ni juma moja."

Watoto wangu sasa wamekuwa hivi: Asmani juu, mutoto wangu Sikujua kwa shangazi yake Buyenzi, kule Bujumbura, Baraka kwa mujomba wake Kigoma. Hao wawili niliwatawanya mimi mwenyewe mwaka juzi. Ndivyo tunavyofanya wote hapa. Wenye bunduki wakija usiku nyumba moja, wasimalize ukoo.

Ijumaa, 21 Februari

Mvua. Wamekula majani ya viazi vitamu. Wote wanne wanakwenda choo mahali pamoja, wanapanga mustari kama watu kwenye ofisi ya serikali. Vestine amekuja kuhakikisha kwa macho yake. Akasema, "Wangu wa nyumbani hawajafika hapo."

Jumamosi, 22 Februari

Saa kumi nilisimama na kata kifuani. Hawakuja. Wanaangalia milima.

Jumatatu, 24 Februari

Wameanza kuzoea! Ni kazi yangu hiyo, nani mwingine angeweza kwa siku saba?

Saa kumi, kabla sijatoka na kata, wamekwenda wenyewe wote wanne kwenye kona ya ua, penye muchikichi mufupi, wakasimama nusu duara. Wakashusha shingo mpaka usawa wa kifua cha mutu. Wakatafuna. Nikaona, haya, wamejua saa, wananingojea mimi. Nikaenda na kata yangu. Musafiri akanipisha kama unavyompisha mutu aliyekuja wakati kuna mugeni. Walipomaliza ndipo wakanigeukia.

Walipomaliza nini, sijui. Pale hakuna majani, ni udongo mutupu.

Jumatano, 26 Februari

Joto la ziwa linawaua pole pole. Wanahema mudomo wazi. Asmani alisema wanyolewe, nami sina mukasi wa kutosha, nikamwita shemeji yangu Alimasi, fundi cherehani, ndugu ya marehemu.

Alimasi alimuzunguka Karani mara tatu na tepu yake shingoni. "Shemeji, huyu nimupime kiuno au mabega?"

"Kata, acha maneno."

"Nakata. Lakini akiniuliza risiti, utajibu wewe."

Tumewalaza juu ya mukeka, mimi nimeshika, yeye amekata. Sikuwahi kugusa kitu laini hivyo, hata Asmani alipozaliwa, na Asmani alizaliwa mulaini. Ndani ya manyoya walikuwa wembamba, miili midogo ya wanyama wenye woga. Nilimuhurumia Karani, ukubwa wake wote ulikuwa nywele. Tukawapeleka ziwani, wakalala tumbo ndani ya maji, wavuvi wakaacha nyavu wakasimama kutazama.

Saa kumi walitoka majini wenyewe. Mbio. Tukawakuta kwenye kona, wameshusha shingo, wanatafuna. Alimasi hakufanya mzaha.

Alhamisi, 27 Februari

Juma moja limetimia. Asmani bado. Barabara ya juu wanasema imefungwa.

Ijumaa, 28 Februari

Bado.

Jumapili, 2 Machi

Milio ya bunduki upande wa Kigwena tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alpaga walijua kabla yetu. Musafiri alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kali, kama bawaba kavu ya mulango, wote wakageukia pori, masikio mbele. Mimi nikahesabu moja mpaka sitini, ndipo tukasikia wa kwanza.

Watu wameanza tena kugawana watoto. Vestine amemupeleka Nadine kwa Wakongomani wa kule sokoni. Mimi sina mutoto wa kugawa nyumbani, lakini nina hawa wanne, na ni amana ya mutoto wangu. Wakija kuchukua nyama watawachukua wote mara moja. Nikafanya akili: Karani kwa Alimasi, Sukari kwa Vestine, Musafiri kwa Sabine, yule Mukongomani wa Uvira anayenunua ndagala, wale samaki wadogo, huko Magara, ua wake ni mukubwa. Bibi abaki na mimi. Kila mumoja kamba yake na muti wake, kama mbuzi wa kila mutu hapa.

Asmani akirudi ataona mama yake anajua kulinda.

Jumatatu, 3 Machi

Bibi hakula.

Jumanne, 4 Machi

Alimasi amekuja na uso wa jivu. "Shemeji, jana saa kumi mbuzi wako alifanya nini hapa?"

Nikamwambia: alikwenda mwisho wa kamba yake, akashusha shingo, akatafuna.

"Usawa gani?"

Nikamuonyesha kifua.

Akakaa juu ya kizingiti. "Kwangu hivyo hivyo. Nilikuwa nashona, nikamuona. Nyuma ya ukuta, hakuoni wewe, hakuoni huyu wako. Nikatoka, nikasimama pale anapotazama. Shemeji, akanisogeza. Kwa pua. Kama unamwambia mutu, samahani, umemukanyaga mwenzako."

Nikamtuma aulize kwa Vestine na kwa Sabine. Ni hivyo hivyo. Nyumba nne, saa kumi, kifuani.

Vestine amesema kwa sauti ndogo, yeye ambaye hana sauti ndogo: "Mama Asmani, hawa wanapokea mutu."

Nikamwambia wanakumbuka tu chakula cha Muzee Bora. Munyama ana tumbo, tumbo lina saa. Hivyo ndivyo nilivyosema.

Alhamisi, 6 Machi

Hawali, wote. Sukari amelala, hainuki. Vestine amemupa uji wa mutama kwa kijiko, na yeye ana watoto wa kulisha.

Jumamosi, 8 Machi

Sukari amefariki. Naandika amefariki, siwezi kuandika amekufa.

Nilimukagua mwili wote kama Asmani angefanya. Hakuna jeraha, hakuna tumbo la kuvimba, mudomo safi. Vestine alilia: "Sikumufanyia kitu! Alikuwa anaimba tu, muchana na usiku, mmmm, mmmm, jana saa sita akanyamaza. Nikafurahi nikasema sasa nitalala."

Hakuna aliyemufanyia kitu. Ni mimi. Nilimufunga kamba peke yake kwenye muti wa watu, ili apone. Risasi haikumukuta, kisu hakikumukuta, nikamukuta mimi na akili yangu.

Mutu wa kwanza kuzungumza nyama nilimufukuza na mufagio. Tumemuzika chini ya muchikichi.

Jumapili, 9 Machi

Nimewarudisha wote. Karani alipomuona Bibi barabarani alikata kamba. Waligusana pua, kisha shingo, wakazunguka wakimutafuta wa nne. Jioni walikula. Wamelala mugongo kwa mugongo, na mimi nimetandika mukeka nje pamoja nao. Kama ni kuja, waje watukute hapa, sote.

Jumanne, 11 Machi

Ee Mola wangu.

Leo saa kumi walikwenda kwenye kona, wakamupokea yule wa kifuani. Nimekwisha kuzoea, hata namwambia moyoni, karibu muzee. Wakamaliza. Halafu Bibi akasogea hatua mbili upande wa kushoto. Akashusha shingo tena. Chini. Chini kabisa, usawa wa goti langu. Akanusa mahali pale muda murefu, akaimba. Wale wawili wakaja, wakashusha na wao.

Wa pili. Yuko chini.

Nani anakuwa chini hivyo? Mutu aliyekaa. Mutu aliyelala. Mutu aliyeanguka, hawezi kusimama mbele ya wanyama wake.

Asmani ana siku kumi na tisa tangu aondoke.

Nilipiga magoti nikapapasa udongo ule kwa mikono miwili. Ni udongo. Ulikuwa na baridi kidogo, lakini mvua ilinyesha muchana, hata udongo mwingine ulikuwa na baridi. Niliupapasa na huo mwingine.

Jumatano, 12 Machi

Wawili.

Alhamisi, 13 Machi

Wawili. Vestine ameleta maharage, amekaa na mimi. Mimi sikusema lolote juu ya mutoto wangu, nikamuona anashtuka kwa sababu hiyo.

Ijumaa, 14 Machi

Wawili.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua kubwa, ziwa limepanda mpaka kwenye mitumbwi. Nilidhani mvua itawazuia. Walisimama ndani yake, wameloa, wembamba kama vidole, wakapokea. Matone yalikuwa yanapiga pale chini kama mahali pengine pote. Nilitazama sana kama yatakatika katikati, yaguse kitu. Hayakukatika.

Nani atanicheka? Hata Alimasi hachezi tena. Amenishonea tandiko lenye manyoya ya Karani ndani bila kuombwa, akaliacha mulangoni akaondoka.

Alhamisi, 20 Machi

Mwezi mzima leo tangu aondoke.

Mutu mumoja pale sokoni aliniuliza, "Mama Asmani, yule daktari wako wa ngamia yuko wapi siku hizi?" Zamani ningemujibu mpaka soko lifungwe. Nilifunga mafuta yangu ya mawese niliyokuwa nauza nikarudi nyumbani.

Nikakaa chini pale kwenye kona, hapo hapo mahali pa wa pili, nikasema, basi kama ni wewe, mama yako amekuja karibu. Bibi akaja kwa nyuma. Akaweka pua shingoni kwangu, akapumua. Mwezi mzima namufuga na hajawahi kunigusa kwa hiari yake. Pumzi yake ina harufu ya majani yaliyokatwa. Akaimba, nami nikajikuta naimba, mmmm, mmmm, wote wawili mama.

Jumapili, 23 Machi

Wawili. Kila siku sasa naogopa saa tisa na nusu, maana nasubiri kuona kama watakuwa watatu. Sikujua wangu yuko Bujumbura, Baraka yuko ng'ambo ya ziwa. Naangalia hao wanyama kama watu wanavyosikiliza redio.

Jumatano, 26 Machi

Wawili, alhamdulillahi.

Jumamosi, 29 Machi

Sabine! Sabine na makapu yake ya ndagala, Mungu amubariki, yeye na dini yake na makapu yake!

Aliingia bila hodi, kitenge kimelowa mpaka kiunoni, alikuwa amerudi kwa mutumbwi kutoka Kabonga, kwenye mupaka, alikokwenda kutafuta samaki. "Mama Asmani, unikalie chini kwanza."

"Niko chini mwezi mzima. Sema."

"Nimemuona. Iko Kabonga kwa wakimbizi. Muguu ndiyo umefungwa, lakini anatembea na fimbo, anakula, ananiuliza habari ya wewe na ya wale wanyama."

"Ulimugusa?"

"Nini?"

"Nimekuuliza ulimugusa, Sabine! Kwa mukono!"

Akaniangalia, akaelewa, maana Musafiri alikaa kwake siku saba na anajua ninachoogopa. "Nilimushika mukono. Ulikuwa na joto. Ana jasho kama mutu."

Nilipiga kigelegele, Vestine akaruka ukuta na upawa mukononi akidhani wamekuja.

Lakini saa kumi walikuwa wawili. Yule wa chini bado yuko.

Basi ni nani?

Alhamisi, 3 Aprili

Amekuja. Amekonda, ndevu za muzee, muguu wa kushoto unavutika. Nimemugusa uso, masikio, nywele, mpaka akasema, "Mama, unanikagua kama ng'ombe wa soko." Ndiyo, nimekukagua.

Alipokwisha kuoga na kula niliuliza habari ya Muzee Bora. Akatazama sahani.

"Wenye bunduki walikuja tukiwa tunajiandaa kushuka. Ilikuwa Jumatatu. Muzee alikuwa amepata kile kichanga, alikuwa anakipelekea majani, kata iko mukononi. Alikuwa amesimama tu, mama. Mimi nilikuwa kwenye muto, nachota maji. Nilimukuta ameanguka nayo, amekwisha kufa."

"Saa ngapi?"

"Saa yake. Saa kumi."

Nikaleta kaye. Nikafungua 24 Februari, nikamuwekea mbele. Akasoma mustari kwa mustari kwa kidole, kama alivyokuwa anasoma alipokuwa mudogo.

"Na kichanga?" nikauliza.

"Nilikibeba. Nilipigwa muguu nikitoroka nacho, lakini nilikibeba, kwa milima mpaka kushuka Nyanza-Lac. Kilikuwa hakinyonyi, hakili, kinaimba tu. Kilikufa njiani, mama. Siku ya kumi na tano. Nilikuwa nahesabu." Akahesabu tena kwa vidole, mbele yangu. "Tarehe kumi na moja."

Nikafungua 11 Machi.

Kichanga cha alpaga, mutoto wangu alinionyesha kwa mukono, kinafika hapa. Kwenye goti. Nimeandika mwenyewe, kwa mukono wangu: Bibi alisogea kwanza, akanusa muda murefu, akaimba. Nilikuwa nimeona na sikuona. Nilikuwa natafuta wangu, kumbe mama mwingine alikuwa amepata wake.

Asmani aliniuliza, "Na Sukari?"

Nikamupa 8 Machi asome mwenyewe.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo saa kumi Asmani alichukua kata akasimama kwenye kona kwa fimbo yake. Walikuja, wakamunusa, wakamujua, Musafiri alitaka kumuangusha kwa furaha. Lakini hawakula kwake kwanza. Walikula kwa Muzee Bora. Halafu kwa mutoto. Halafu wakamugeukia yeye.

Alilia pale bila kujificha. Daktari wangu, mwenye diploma, alilia kama mvua, na mimi sikumufuta, nilimuacha.

Jumatano, 9 Aprili

Mwezi uliandama jana. Siku ya kumi tunakuwa na Idi kubwa.

Nimefanya uamuzi na Alimasi amenigombeza. "Shemeji, uwaite wote? Nyumba moja? Na hali ilivyo? Tulikubaliana watoto wasilale pamoja!"

"Tulikubaliana."

"Wakija tutakufa wote."

"Shemeji, ulimuona Sukari. Nani alimujia?"

Akachukua tepu yake akaizungusha kidoleni. Akasema, "Huyo Sikujua wako anavaa saizi gani siku hizi? Nimushonee kitu."

Nimetuma maneno Buyenzi kwa dereva wa gari la mafuta, na Kigoma kwa mutumbwi wa mujomba. Kuchinja ni mbuzi wa Alimasi. Imamu ameniuliza kwa upole kama alpaga ni halali. Nikamwambia mimi sijui kitabu kinasema nini, ila hao watatu watakuwa wageni wangu, hawatakuwa sufuria yangu. Akacheka, akasema mwenye nyumba ndiye anajua wageni wake.

Jumapili, 13 Aprili

Leo wawili tu. Nimehesabu mimi, amehesabu Asmani, amehesabu na Vestine kutoka juu ya ukuta.

Maneno yamerudi. Sikujua ametuma kusema atapanda gari la asubuhi kama barieri za barabarani zitafunguliwa. Baraka anavuka usiku, mujomba amesema ziwa likiwa na adabu. Nadine anarudi kwa mama yake. Sabine analeta samaki wa ziwa, mukeke mukubwa, na amesema atakula mbuzi wa Waislamu mpaka waombe radhi. Nimetandika mukeka murefu kutoka mulangoni mpaka kwenye kona ya muchikichi, na mwisho wake nimeweka kata ya kibuyu, safi, na pembeni yake mahali padogo pa chini. Muzee Bora hakuwa wa dini yetu. Mukeka haujali. Huyo sikumwalika, anajua saa.

Zimebaki alasiri tano, pamoja na ya siku yenyewe. Kila moja nitasimama uani nihesabu. Wawili, wasizidi wawili. Barabara ni ndefu na ziwa ni pana, na mimi nimewaita wote watoke walipofichwa.

Alpaga leo walipomaliza hawakugeukia milima. Kwa mara ya kwanza wamegeukia barabara, wote watatu, masikio mbele, hawakupiga kelele. Asmani anasema hiyo ni dalili nzuri. Yeye ndiye aliyesoma.

Waje mapema. Swala ni asubuhi, chakula ni adhuhuri, na saa kumi nataka kila mutu awe amesimama hapa kwa miguu yake, nimuguse: Ijumaa, tarehe kumi na nane.